Bwawa Dogo la Udongo Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usalama na Daraja la Hatari

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye tuta la udongo shambani kwake: bwawa la ng'ombe, la kahawa, la mboga, la samaki, au lile alilorithi bila karatasi hata moja. Majina ni mengi, bwawa, lambo, silanga, lakini tuta ni lile lile. Mwenye bwawa kubwa la umeme kama Masinga au Mtera ana wahandisi wake. Wewe mara nyingi huna mtu ila kijana wa kufungua bomba. Daraja la hatari, hapa, ni ngazi anayopewa bwawa kulingana na madhara yatakayotokea tuta likibomoka.

Bwawa langu ni dogo tu. Kwa nini nisumbuliwe na habari za daraja la hatari?

Tupige hesabu kwanza. Tuseme tuta lako lina urefu wa mita 120 pale maji yanapoligusa, maji yamerudi nyuma bondeni mita 300, na kina karibu na tuta ni mita 6. Zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 6. Unapata mita za ujazo 36,000. Ndiyo hesabu ya haraka ya mafundi wa malambo, na inatosha kwa kuanzia. Kila mita moja ya ujazo ni tani moja ya maji, kwa hiyo umeegemeza tani 36,000 kwenye rundo la udongo.

Likikatika je? Kuna fomula ya mwaka 1995 ya mhandisi Froehlich, inayokadiria kilele cha maji bwawa la udongo linapobomoka. Kwa bwawa hili la mfano inatoa takriban mita za ujazo 120 kwa sekunde. Chukua yale matangi meusi ya lita 10,000 unayoyaona juu ya majengo mjini, umwage 12 kwa mpigo, kila sekunde. Bwawa lenyewe litaisha kwa dakika chache, lakini nyumba iliyoko bondeni haihitaji zaidi ya dakika chache.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo la mtu binafsi, katika shamba la kahawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilibomoka baada ya mvua nyingi. Watu wasiopungua 47 walikufa, na wengi walikutwa majumbani. Halikuwa bwawa la umeme, wala la kulisha jiji. Lilikuwa bwawa la shamba.

"Hatari kubwa" maana yake bwawa langu ni bovu?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Yapo maswali mawili tofauti. La kwanza: je, tuta hili linaweza kubomoka? Hiyo ni hali ya bwawa. La pili: likibomoka, litamkuta nani? Hilo ndilo daraja la hatari. Bwawa lililojengwa juzi kwa usimamizi mzuri, lenye kijiji na shule chini yake, ni la hatari kubwa hata kama halina ufa. Na tuta lililooza, linalomwagia maji yake kwenye pori lisilo na mtu, linaweza kuwa la hatari ndogo na likabaki bovu vile vile.

Marekani wana ngazi tatu, na msingi wake ni mwepesi kukumbuka. Hatari ndogo ni pale ambapo hakuna anayetarajiwa kufa na hasara kwa kiasi kikubwa inamwangukia mwenye bwawa. Hatari ya kati ni pale ambapo hakuna anayetarajiwa kufa, lakini mali za wengine, barabara au huduma zitaharibika. Hatari kubwa ni pale ambapo kifo kinatarajiwa, na mtu mmoja anatosha. Afrika Kusini wao huhesabu: hakuna kifo, vifo visivyozidi 10, au zaidi ya 10. Kisha huoanisha jibu hilo na kimo cha ukuta: mita 5 hadi 12 ni bwawa dogo, 12 hadi 30 la kati, zaidi ya 30 kubwa. Kwa hiyo bwawa "dogo" linaweza kuangukia kwenye kundi linalolazimu mhandisi aliyeidhinishwa, kwa sababu tu ya walio chini yake. Nadhani hiyo ndiyo njia ya haki zaidi.

Kenya wanayagawaje?

Kanuni za rasilimali za maji za 2007, ambazo mafundi wengi wa Kenya wamezizoea, ziliweka madaraja matatu. Daraja A, hatari ndogo: kina cha maji chini ya mita 5, maji chini ya mita za ujazo 100,000, eneo linalokusanya maji chini ya kilomita za mraba 100. Daraja B, hatari ya kati: kina cha mita 5 hadi chini ya 15, maji 100,000 hadi 1,000,000, eneo kilomita za mraba 100 hadi 1,000. Daraja C, hatari kubwa: zaidi ya hapo.

Angalia bwawa letu la mfano. Kwa ujazo wa 36,000 ni A, kwa kina cha mita 6 ni B. Mhandisi mwangalifu hushika lile la juu.

Utaona pia kwamba vigezo vyote vitatu vinapima bwawa na mvua yake. Hakuna kinachomhesabu jirani. Ndiyo sababu mtu anakuonyesha karatasi iliyoandikwa "hatari ndogo" huku paa za mabati zinang'aa mita 400 chini ya tuta. Usitulizwe na herufi. Ichukue kama pa kuanzia, halafu teremka bondeni ukahesabu nyumba mwenyewe.

Kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Nenda ofisi yao ya eneo lako ukaulize masharti ya sasa kabla hujamleta mwenye buldoza. Buldoza hukodishwa kwa saa, na ikishafika shambani hakuna anayekumbuka karatasi.

Na Tanzania?

Unaanzia Bodi ya Maji ya Bonde lako. Mabonde ni tisa: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria na Bonde la Kati. Sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na zipo kanuni za usalama wa mabwawa za 2013.

Nitajuaje ni nani aliye kwenye njia ya maji?

Kwa miguu. Simama kwenye mgongo wa tuta, kisha shuka na mkondo, hata kama umekauka. Kwenye kila nyumba iliyo chini kabisa ya bonde jiulize: sakafu ya hapa iko juu ya mkondo kwa kiasi gani? Kama ni chini ya kimo cha tuta lako na uko karibu na bwawa, ihesabu. Andika shule, kanisa, msikiti, soko la wiki, kituo cha bodaboda, kivuko cha chini ambacho watoto hupita asubuhi. Andika pia mabwawa mengine yaliyo chini. Hilo husahaulika sana: tuta la juu likibomoka likaangusha la pili, la kulaumiwa ni la juu, na daraja lake lisipungue lile la chini yake.

Nenda mara mbili, mchana na usiku. Mchana bonde linaweza kuwa tupu. Saa mbili usiku ukiona taa za sola kumi na nne, hizo ndizo familia zako kumi na nne.

Umbali gani? Kwa mabwawa madogo ya udongo mimi sikubali kuishia chini ya kilomita 2, na bonde likiwa jembamba na lenye mteremko mkali, naendelea mpaka linapofunguka.

Nilipojenga hapakuwa na mtu huko chini. Watu wamekuja baadaye. Kosa ni langu?

Kosa huenda si lako, ila daraja limebadilika na bwawa ni lako. Kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii kulikuwa na bwawa la udongo la Kaloko, la enzi za mashamba ya miwa, mikononi mwa mtu binafsi. Lilikuwa limeorodheshwa kuwa la hatari ndogo. Tarehe 14 Machi 2006, kabla ya kupambazuka, lilibomoka likaua watu saba. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye njia ya kumwagia maji iliyokuwa imefukiwa. Kwa hiyo mawili yalikutana: karatasi iliyozeeka na utoro, yaani njia hiyo ya kumwagia maji, uliozibwa.

Upande wa sheria, nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, zinaijua kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1868. Nayo ilihusu bwawa dogo la mtu binafsi! Mwenye kiwanda alijengewa bwawa Lancashire, maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani ya makaa na kufurika mgodi wa jirani. Mwenye bwawa hakuwa mzembe yeye mwenyewe, bado alilipa. Kanuni iliyobaki ni kwamba ukiweka kwenye ardhi yako kitu kisicho cha kawaida chenye kuleta madhara kikitoroka, kikitoroka utawajibika. Utetezi upo, lakini usiutegemee kabla ya kuzungumza na wakili.

Basi kila mwaka, kabla ya masika, rudia ile safari ya bondeni. Ukiona msingi mpya unachimbwa kwenye njia ya maji, nenda kwa naibu chifu au mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo, na uandike barua ubaki na nakala.

Mabwawa ya udongo hubomokaje hasa?

Njia kubwa ni mbili.

Ya kwanza, maji kupita juu ya tuta. Udongo hauwezi kuvumilia maji yanayokimbia mgongoni mwake. Yanaanza kwenye bonyeo dogo, pengine pale ng'ombe wanapovukia, yanachimba mfereji upande wa bondeni, mfereji unapanda kurudi nyuma, na ukifika ukingoni mwa maji bwawa limekwisha. Dawa ni utoro wa kutosha, yaani njia ya pembeni ya kumwagia maji yaliyozidi, iliyochimbwa kwenye ardhi asilia na si juu ya tuta, pamoja na nafasi kati ya maji yaliyojaa na mgongo wa tuta. Kwa matuta haya madogo mita 1 ni kiasi cha kuanzia. Kumbuka udongo mpya hukaa na kushuka, kwa hiyo tuta hujengwa juu zaidi kidogo, asilimia 5 hadi 10, likivimba katikati.

Ya pili, maji kupenya ndani. Maji hutafuta njia kando ya bomba, chini ya tuta pale ambapo mtaro wa kuzuia maji yasipenye haukufika kwenye udongo mgumu, au kwenye shina lililooza. Yakianza kubeba chembe za udongo, kijia kinapanuka kuelekea majini kama panya anayetafuna gunia kwa ndani. Hatari hii ni kubwa zaidi bwawa linapojazwa mara ya kwanza na katika miaka michache ya mwanzo. Ndiyo maana mjenzi anayesukuma udongo mkavu kwa buldoza na kuuacha, bila kuushindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 zenye unyevu, amekuuzia tatizo.

Njia ya tatu ni mteremko kuporomoka. Upande wa maji hupenda kuporomoka maji yanaposhushwa haraka mno, kwa kuwa udongo umelowa na uzito wa maji uliokuwa ukiuegemeza umeondoka.

Mwaka 1977, tarehe 6 Novemba, bwawa la udongo la Kelly Barnes, mali ya chuo cha Biblia huko Toccoa, Georgia, lilibomoka usiku wa mvua na kuua watu 39. Kimo chake kilikuwa kama mita 12 hivi. Baada ya hapo Rais Carter aliamuru mabwawa yasiyo ya serikali kuu yenye hatari kubwa yakaguliwe nchi nzima.

Chini ya tuta pana maji yanatoka kidogo. Niogope?

Tuta la udongo lisilotoka jasho kabisa ni adimu. Swali ni maji hayo ni masafi au machafu, na yanaongezeka au la.

Chukua chupa ya maji ya dukani isiyo na lebo, kinga pale yanapotokea, iweke dirishani mpaka kesho yake. Niliitwa mara moja kwenye bwawa ambalo mwenyewe aliapa maji ni masafi, "mpaka watoto wanakunywa." Tulikinga jioni. Asubuhi kitako cha chupa kilikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, mnene kama kucha. Kwa macho, yakiwa yanatiririka, usingeuona. Udongo ule ulikuwa unatoka tumboni mwa tuta.

Pima pia kiasi. Weka mtungi wa lita 20, hesabu sekunde za kuujaza, andika tarehe na kimo cha maji bwawani. Kama maji ya bwawa hayajapanda na mtungi unajaa haraka kuliko mwezi jana, ita mhandisi.

Na usizibe! Watu hukimbilia saruji. Ukizibia upande wa bondeni, maji yanajikusanya ndani na kutokea pengine kwa nguvu zaidi. Kama yanabeba udongo, funika kwa mchanga safi wa mto, juu yake kokoto, juu yake mawe: maji yapite, udongo ubaki. Huo ni msaada wa kwanza tu.

Naweza kuweka mifuko ya mchanga kwenye utoro nipate maji zaidi ya kiangazi?

Hapana. Kila kimo cha mfuko unachopata unakitoa kwenye ile nafasi inayokutenganisha na maafa. Na wavuvi uwaangalie. Wanapenda kuweka nyavu na mawe pale ili samaki wasitoroke. Ukitaka maji zaidi, fukua matope yaliyojaa bwawani, mbali na kitako cha tuta.

Miti, ng'ombe, mchwa?

Miti hakuna juu ya tuta, hata mkaratusi mmoja wa kivuli. Ikiwa tayari ni mikubwa, usiing'oe visiki kabla ya kushauriwa, kwa kuwa unaacha mashimo. Ukoka ni mzuri: unafunika na mtu anaweza kuona chini yake. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika lililo chini, wasipande tuta. Mashimo ya fuko, nungunungu na kaa yafukuliwe na kushindiliwa upya, yasijazwe tu. Kichuguu cha mchwa juu ya tuta ni cha kuchimbuliwa mpaka ndani, maana njia zake huenda mbali kuliko unavyodhani. Na ukiona matete yamestawi upande wa bondeni wakati wa kiangazi, usiyafurahie: yanakunywa wapi?

Nikague mara ngapi?

Kila wiki wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi kiangazi, na baada ya kila mvua kubwa au tetemeko. Pita mgongoni, pita kitakoni, tazama utoro na mdomo wa bomba. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Picha za simu zipigwe kutoka sehemu zile zile kila mara.

Usiku wa mvua naona ufa, au maji yanakaribia mgongo wa tuta. Nianze na nini?

Watu kwanza. Usianze na koleo. Piga simu ile orodha uliyoitengeneza mapema: nyumba za chini kabisa, chifu au mwenyekiti wa kijiji, polisi, mtu wa kusimama kwenye kivuko azuie magari. Simu hukosa mtandao usiku wa mvua, kwa hiyo kubalianeni ishara nyingine: firimbi, kengele ya shule, adhana isiyo ya wakati wake. Wajue pia wanakimbilia kilima gani.

Ndipo fungua bomba la kutolea maji na uondoe takataka kwenye utoro, kama unaweza kufika bila kusimama kwenye njia ya maji. Siku za kawaida wahandisi wengi hushauri usishushe maji zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kuepuka ule mporomoko. Usiku wa dharura hesabu hiyo hubadilika. Mhandisi akuambie mapema kiasi cha bwawa lako. Ukikosea ukawaamsha watu bure, kesho yake watakucheka. Kubali.

Sina bwawa, lakini barabara iliyopita bondeni imezuia maji. Hilo linanihusu?

Linakuhusu sana. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, Kenya, zaidi ya watu 40 walikufa. Habari za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Kumbe ilikuwa kalvati chini ya reli ya zamani, iliyozibwa na magogo na matope, na maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli. Tuta lolote linaloshika maji ni bwawa, na hili halina hata utoro.

Nimenunua shamba lenye bwawa la zamani. Hakuna anayejua nani alilijenga. Nifanye nini kwanza?

Lishushe maji polepole mpaka nusu na uliache hapo mpaka likaguliwe. Tafuta mzee aliyefanya kazi shambani humo. Atakumbuka bomba limepita wapi na mwaka ambao maji yalivuka juu, mambo mawili ambayo hakuna ramani itakayokuambia. Fyeka tuta lote, kwa kuwa huwezi kukagua usichokiona. Pima mgongo wake kwa mpira mwembamba wa maji, ule wa mafundi wa nyumba, ujue bonyeo liko wapi. Kisha mwite mhandisi wa maji aliyesajiliwa mwenye matuta ya udongo aliyoyajenga na yaliyosimama, uyaone kwa macho yako. Akikupa bei ya ukarabati bila kwanza kukuuliza nani anaishi chini, mshukuru, mlipe nauli, na utafute mwingine.